MFICHA UCHI HAZAI: Neno Juu ya Mimba Zitokazo na Dawa ya Projesteroni

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Siku hizi methali hii twaitumia kwa kila jambo: kwa mwenye deni aonaye haya kwenda kuomba muhula, kwa mwanafunzi asiyethubutu kumuuliza mwalimu wake. Lakini maana yake ya kwanza i wazi katika maneno yenyewe. Mwanamke aliyeshikwa na uchungu, akimwonea haya mkunga, kuzaa kwake kutakuwa kwa taabu, na pengine hatazaa salama.

Leo, ndugu msomaji, nataka kuichukua methali hii niirudishe nyuma kidogo, kabla ya uchungu na kabla ya tumbo kutokeza. Nataka tuzungumze juu ya mimba changa ya wiki sita au ya wiki nane, ile ambayo ada yetu yataka isitajwe. Tuzungumze juu ya mimba zitokazo moja baada ya nyingine hata mwanamke akaogopa kushika nyingine. Na tuzungumze juu ya dawa moja iitwayo projesteroni, ambayo wako walioandikiwa na daktari, wako waliopewa na jirani imefungwa katika kikaratasi, na wako wasiopata kuisikia ilhali wao ndio hasa iliowafaa.

SIRI YA MIEZI MITATU

Desturi ya mwambao, tangu Lamu hadi Vanga, ni kuwa mimba changa haitangazwi. Mke humwambia mumewe, pengine na mamake mzazi, basi. Jirani akiuliza mbona umenyongea hivi, ataambiwa ni homa. Kanzu hupanuliwa, buibui likafunika yaliyosalia, na hata mwezi wa tano watu hujifanya hawajaona kitu.

Sababu itajwayo ni husuda na jicho. Kwamba jicho lipo, hilo tumelisoma mkekani kwa mwalimu, wala sina haja ya kulibisha. Lakini naona wazee wetu walikuwa na sababu ya pili ambayo hawakuitaja. Walijua kwa macho yao kuwa mimba nyingi hutoka katika miezi mitatu ya kwanza, wakaona ni afadhali mwanamke asiwe na watu arubaini wa kuwaeleza kuwa kile alichowaambia juzi hakipo tena. Desturi hiyo ilikuwa na huruma ndani yake.

Madhara yake ni mawili. La kwanza, mimba ikitoka, mwenye msiba hulia peke yake. Mtoto aliyezaliwa akafa huwekewa tanga, watu wakaja, wakasoma, wakampa pole mamake. Mimba ya wiki tisa haina tanga wala hitima. Siku ya tatu mwanamke yuko jikoni akikuna nazi, na waliomo nyumbani hawajui kwa nini macho yake ni mekundu.

La pili ni hili ambalo limenifanya nishike kalamu. Mwenye kuficha mimba kwa majirani huishia kuificha kwa daktari pia. Kliniki ataiona mwezi wa tano au wa sita, tumbo likiisha kutokeza, kwenda kupimwa na kupewa kitabu cha mama na mtoto. Shirika la Afya Duniani limeshauri tangu mwaka 2016 kuwa mjamzito aonwe mara ya kwanza kabla ya kutimiza wiki 12. Na dawa tunayoizungumzia hapa muda wake ni huo huo wa mwanzo: hutumika tangu wiki za awali na husimamishwa wiki ya 16. Afikaye mwezi wa tano amekuta mlango umefungwa.

LAWAMA ISIYO NA HAKI

Kabla ya dawa, tuseme habari ya lawama. Mimba ikitoka mara ya kwanza, watu husema ni kadari. Ikitoka mara ya pili, mavyaa huanza kunong'ona. Ikitoka mara ya tatu, husemwa waziwazi kuwa tumbo la fulani halishiki. Ataambiwa ana chango, ataambiwa ana jini mahaba, ataambiwa alipanda ngazi na ndoo ya maji, alikula embe bichi, alitumia vidonge vya kupanga uzazi alipokuwa mwari. Na mume naye huanza kushauriwa aoe mke wa pili ili apate watoto.

Elimu ya leo yasema mengine. Katika kila mimba 100 zinazojulikana, karibu 15 hutoka zenyewe. Ni jambo la kila nyumba na kila ukoo, ila halisemwi. Na karibu nusu ya hizo zitokazo mapema, sababu yake ni hitilafu katika kromosomu, yaani zile nyuzi ndogo sana zinazochukua urithi wa baba na wa mama. Yai na mbegu hukutana, hesabu ya nyuzi ikawa imezidi moja au imepungua moja, na kiumbe hakiwezi kukua. Hitilafu hiyo aghalabu huwako tangu siku ile ya kwanza, kabla hata mwanamke hajajua kuwa ana mimba. Embe bichi halina dhambi. Ngazi haina dhambi. Kazi za kawaida za nyumbani, mshituko, ugomvi, wala tendo la ndoa havitoi mimba iliyo nzima. Wala vidonge vya kupanga uzazi vilivyotumiwa zamani haviharibu mimba za baadaye.

Wale ambao mimba zimewatoka mara tatu au zaidi ni wachache, kiasi cha mmoja katika kila wanandoa 100. Kwao ni lazima itafutwe sababu, maana ziko sababu zenye dawa. Upo ugonjwa ambao damu ya mama huganda upesi mno, nao hutibiwa kwa aspirini ndogo na sindano za hepari kwa amri ya daktari. Kuna tezi la shingoni lisilofanya kazi sawasawa. Kuna kisukari ambacho hakijagunduliwa. Kuna kizazi chenye ukuta katikati. Kuna mlango wa kizazi uliolegea, ambao hutoa mimba ya miezi minne au mitano na huweza kushonwa. Na sisi watu wa pwani tusisahau malaria, wala kaswende, ambayo hupimwa kwa tone la damu na kutibiwa kwa sindano ya penisilini.

Hata hivyo, katika wanawake hawa, karibu nusu hupimwa kila kitu na sababu isionekane. Hapo ndipo projesteroni huingia katika mazungumzo.

PROJESTERONI NI NINI?

Projesteroni si kitu kigeni mwilini. Ni homoni, yaani mjumbe anayetumwa na kiungo kimoja kwenda kwa kingine kupitia damu. Kila mwezi, yai likiisha kutoka katika ovari, mahali lilipotoka hubaki kitezi kidogo cha rangi ya manjano. Kitezi hicho ndicho kitoacho projesteroni. Kazi yake ni kuutandika ukuta wa kizazi, kuufanya uwe laini na wenye damu ya kutosha ili mgeni akija apate mahali pa kukaa, na kuituliza misuli ya kizazi isijikaze. Mgeni asipokuja, kitezi hunyauka, projesteroni hushuka, na mwanamke huona siku zake.

Mgeni akija, kitezi huendelea na kazi mpaka kondo la nyuma litakapoweza kujitengenezea projesteroni lenyewe. Zamu hiyo hupokewa kati ya wiki ya saba na ya tisa. Mganga Ludwig Fraenkel wa Ujerumani alionyesha mwaka 1903, kwa kuwatazama sungura, kuwa kitezi kikiondolewa mapema mimba haikai. Katika miaka ya 1970 mtafiti Arpad Csapo alithibitisha hivyo kwa wanadamu: kitezi kikiondolewa kabla ya wiki ya saba, mimba hutoka, isipokuwa mama akipewa projesteroni.

Sisi tuliosoma Suratul Muuminun na Suratul Hajj twajua kuwa Mwenyezi Mungu ametaja hatua za kiumbe tumboni, tone, kisha pande la damu lililoning'inia, kisha pande la nyama, na ametaja pia kuwa liko lililotimia umbo na lisilotimia. Waganga nao, kwa njia yao, wamekuta kuwa kila hatua ina mahitaji yake na hatari zake.

KUTOKA KWA NGURUWE HADI KIAZI KIKUU

Hapa pana habari ambayo msomaji Muislamu ataitaka. Dawa hii hutoka wapi?

Mwaka 1934 wataalamu wa nchi mbalimbali walifaulu kuitenga homoni hii safi. Mmoja wao, Adolf Butenandt wa Ujerumani, alitumia ovari za nguruwe wapatao 50,000 akapata miligramu 20 tu. Lau dawa ingalibaki katika njia hiyo, isingalimfikia mwanamke yeyote wa kawaida, na sisi tungalikuwa na swali zito zaidi la kuuliza.

Kisha akatokea Mmarekani mmoja, Russell Marker. Alikuwa akitafuta mmea wenye kiini kinachoweza kugeuzwa projesteroni kwa kazi ya kemia. Aliupata huko Veracruz, nchini Mexico, nao ni wa jamaa ya kiazi kikuu, hiki hiki tunachokijua. Mnamo mwaka 1943 alitengeneza projesteroni kwa kilo, si kwa chembe, na mwaka 1944 ikaanzishwa kampuni ya Syntex katika mji wa Mexico City. Bei ikaanguka, na tangu hapo projesteroni ya madukani imetokana na mimea, viazi vikuu na soya.

Lakini nisifahamike vibaya. Kiini kile hakigeuki projesteroni tumboni mwa mtu. Hugeuzwa katika mitambo ya kemia. Mwenye mimba akila viazi vikuu kwa tui la nazi atashiba na atapata nguvu, na hilo ni jema, ila asidhani amekunywa dawa.

JE, YASAIDIA?

Kwa miaka mingi madaktari walitoa projesteroni kwa dhana tu. Hoja yao ilikuwa nyepesi: homoni hii hulinda mimba, basi tukiiongeza, mimba itakaa. Lakini mara nyingi projesteroni hushuka kwa sababu mimba imekwisha haribika, kama moshi unavyopungua kwa sababu moto umezimika. Ukipuliza moshi, moto hauwaki.

Na historia ina onyo lake. Tangu miaka ya 1940 wajawazito wengi wa Marekani na nchi nyingine walipewa dawa iliyoitwa diethilistilbestroli, maarufu kwa jina la DES, ili mimba zisitoke. Hiyo haikuwa projesteroni, ilikuwa homoni ya namna nyingine iliyotengenezwa kwa kemia. Mwaka 1953 uchunguzi wa Chicago ulionyesha kuwa haizuii mimba kutoka. Hata hivyo iliendelea kutolewa. Mwaka 1971 madaktari wa Boston wakaeleza kuwa mabinti waliozaliwa na mama hao walikuwa wakipata saratani ya nadra ya sehemu za uzazi. Ndipo ikapigwa marufuku kwa wajawazito. Kwa sababu hiyo, siku hizi dawa ya mjamzito haitoshi kuwa na hoja nzuri, yataka ushahidi.

Ushahidi wa projesteroni umepatikana katika majaribio mawili makubwa. Jaribio la kwanza, liitwalo PROMISE, majibu yake yalitolewa mwaka 2015. Lilikusanya wanawake 836 wa Uingereza na Uholanzi ambao mimba ziliwatoka mara tatu au zaidi bila sababu kujulikana. Nusu walipewa projesteroni, nusu wakapewa tembe zinazofanana nazo lakini hazina dawa ndani, na wala mama wala daktari hakujua nani amepewa ipi. Walioipata dawa, 66 katika kila 100 walijifungua mtoto hai. Wasioipata, 63. Tofauti hiyo ni ndogo, yaweza kuwa ni bahati tu.

Msomaji aweza kusikitika kwa jibu hilo. Mimi naliona lina bishara njema, nayo ni hiyo hesabu ya pili. Wanawake walioisha kupoteza mimba tatu, au nne, au zaidi, wakatunzwa vyema bila dawa yoyote ndani ya tembe zao, 63 katika kila 100 walishika watoto wao mikononi. Anayemshauri mwanawe amwache mke kwa kuwa tumbo halishiki, na asome hesabu hiyo tena.

Jaribio la pili liliitwa PRISM, na majibu yake yalitoka mwaka 2019. Hili liliwachukua wanawake 4,153 katika hospitali 48 za Uingereza, wote wakiwa na mimba changa na wote wakiwa wameona damu. Kwa jumla yao, waliopata dawa walijifungua mtoto hai 75 katika 100, na wasiopata 72. Tofauti ndogo tena. Lakini walipotazamwa kwa mafungu, jambo likadhihirika. Kwa wale ambao hawajapoteza mimba kamwe, dawa haikuongeza kitu. Kwa wale waliopoteza moja au zaidi, walikuwa 75 kwa 70. Na kwa wale walioona damu na walikwisha poteza mimba tatu au zaidi, walikuwa 72 kwa 57. Yaani katika kila wanawake 100 wa namna hiyo, watoto 15 zaidi waliishi.

Kwa ushahidi huo, mwezi wa Novemba mwaka 2021, taasisi ya NICE ya Uingereza, ambayo kazi yake ni kuandika miongozo ya matibabu, ilisema hivi: mwanamke mwenye mimba changa iliyothibitishwa kwa skani kuwa imo ndani ya kizazi, ambaye anatokwa na damu, na ambaye alikwisha poteza mimba mara moja au zaidi, apewe projesteroni ya kuweka ukeni, miligramu 400 mara mbili kwa siku. Moyo wa mtoto ukionekana unapiga, aendelee nayo mpaka atimize wiki 16, kisha aache.

NANI IMFAAYE, NANI ISIYOMFAA

Basi dawa hii ina mlango mwembamba wenye mambo mawili: damu katika mimba hii, na mimba iliyotoka kabla ya hii. Mwenye yote mawili aiombe bila haya. Mwenye moja tu kati ya hayo, ushahidi haujaonyesha faida. Wala mimba ambayo moyo wake haupigi tena hairejei kwa dawa, na ile yenye hitilafu ya kromosomu haitengenezeki.

Nasema haya kwa sababu ya mifuko ya watu. Mwanamke akianza wiki ya sita na kumaliza wiki ya 16, ametumia tembe 140 za miligramu 400. Zikiwa za miligramu 200, ni 280. Kwa mke wa mvuvi au wa mchukuzi wa bandarini, hiyo ni pesa ya chakula. Ikiwa dawa yamfaa, na itafutwe kwa kila njia, na jamaa wachange. Ikiwa haimfai, ni afadhali fedha hiyo inunue samaki, mboga na nauli ya kliniki.

Kuna hatari nyingine kubwa zaidi. Mimba huweza kutunga nje ya kizazi, katika mrija. Damu yake hufanana na damu ya mimba inayotaka kutoka, lakini mrija ukipasuka mama huweza kufa kwa saa chache. Ndiyo maana skani hutangulia tembe. Mwanamke mwenye mimba changa akipata maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo, au maumivu juu ya bega, au kizunguzungu na kuzirai, asingoje asubuhi na asitafute tembe. Apelekwe hospitali usiku huo huo. Tembe za jirani zilizofungwa katika kikaratasi haziwezi kuona mimba iko wapi.

Madhara ya projesteroni yenyewe, kwa waliopewa katika majaribio hayo, hayakuzidi ya wale waliopewa tembe tupu. Baadhi huona usingizi, kizunguzungu kidogo, matiti kuuma, au majimaji ukeni tembe inapoyeyuka. Baadhi ya aina zake zina mafuta ya njugu au soya. Mwenye kudhurika na vitu hivyo na amwambie daktari.

TEMBE, SAUMU NA JELATINI

Maswali mawili huulizwa na wanawake wetu kwa sauti ya chini, na aghalabu hawapati wa kuwajibu, kwa kuwa daktari hajui fikihi na sheikh hajaambiwa habari ya tembe.

La kwanza ni Ramadhani. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kitu kinachoingizwa ndani ya mwili kwa kupitia tundu lililo wazi hubatilisha saumu, na tembe ya ukeni imo katika hukumu hiyo. Baraza la Fikihi ya Kiislamu, katika mkutano wake wa kumi uliofanyika Jeddah mwaka 1997, liliamua kuwa tembe za ukeni hazifunguzi. Ni hitilafu ya wanazuoni, na kila mmoja atamfuata amwaminiye. Lakini kwa mwanamke wa Mombasa jambo lina wepesi wake: alfajiri kwetu huingia karibu saa kumi na moja, na magharibi karibu saa kumi na mbili na nusu. Tembe ya kwanza aiweke wakati wa daku na ya pili baada ya kufuturu, na dawa imepata nafasi yake bila kugusa saumu. Zaidi ya hayo, mjamzito anayejihofia nafsi yake au anayemhofia mwanawe ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye. Na aliyekula kwa kumhofia mtoto peke yake, katika madhehebu yetu, huongeza kibaba cha chakula kwa kila siku. Mwenye damu na historia ya mimba kutoka asijilazimishe kwa kuwaogopea watu macho.

La pili ni ganda la tembe. Baadhi ya aina zimefunikwa kwa jelatini, na jelatini huweza kuwa ya ng'ombe au ya nguruwe. Mfamasia ana haki ya kuulizwa, na wako watengenezaji wanaoandika asili yake. Ipo pia aina isiyo na ganda, iliyotengenezwa kwa mafuta magumu yanayoyeyuka kwa joto la mwili. Ikiwa iliyopo ni ile tu yenye shaka, hapo ni swali la darura, na aulizwe mwenye elimu upesi, maana damu haingoji barua.

DUA NA DAKTARI

Nawajua watakaosema kuwa mtoto ni riziki, na riziki haina daktari. Ni kweli kuwa ni riziki. Nabii Zakaria aliomba mtoto akiwa mzee na mkewe tasa, akapewa. Lakini dini iliyotufundisha dua ndiyo iliyotufundisha kutafuta tiba, na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliamrisha watu wajitibu. Kombe la zafarani, hirizi ya mama, dua ya babu, vyote hivyo havizuii kupanda matatu kwenda hospitali. Kinachozuia ni haya. Jambo moja tu ningetahadharisha: mizizi ya chango isiyojulikana kipimo chake isinywewe katika mimba changa, maana iko ichocheayo kizazi badala ya kukituliza.

Kwa kuwa ukurasa huu ni wa washairi pia, mniwie radhi kwa ubeti mmoja wa kwangu:

Mficha uchi hazai, wahenga walitwambia,
Siri hapa haifai, damu ikikujilia,
Mwana angali yu hai, nenda wakakwangalia,
Na dua hatukatai, dawa kuitangulia.

Basi, mama uliyekwisha pitia haya, mimba ikishika tena, wafiche majirani ukitaka. Ada ni ada. Daktari mwambie wiki ile ile siku zako zilipopita. Mwambie mambo matatu kwa hesabu: ni mimba ngapi zimekutoka, kila moja ilikuwa ya wiki ngapi, na kama damu imeonekana safari hii. Ukiona hata tone, rudi siku hiyo hiyo, omba skani, na uitaje projesteroni kwa jina lake.

Nawe bwana, usimtume peke yake na mdogo wake. Nenda naye, keti naye katika benchi, sikiliza yaambiwayo, na kwa kuwa homoni hii humtia usingizi mwenye kuitumia, yeye akilala alasiri wewe ukune nazi. Na iwapo Mola hakuandika, na mimba ikatoka pamoja na juhudi zote, mpe pole mkeo kama umpavyo pole aliyefiwa.